Othofoto za pikseli ndogo zinatupumbaza: tuzikagueje kabla ya kutia saini?

KipimoElgon (Mbale)

Wanajamvi, salaam. Uzi huu nauleta kwa wapima ardhi, wahandisi wa manispaa, watu wa mipango miji, na yeyote ambaye kesho au keshokutwa atakabidhiwa diski na kuambiwa atie saini kwamba amepokea othofoto zikiwa nzuri.

Kwa asiyezizoea, othofoto ni picha za angani zilizonyooshwa na kuunganishwa hadi unaweza kuzipimia umbali na eneo. Kwa macho ni picha, kwa matumizi ni ramani, na ndiyo sababu zikiwa mbovu zinaumiza kuliko ramani mbovu: mtu huamini alichokiona. Hapa Uganda zimeshaingia kila mahali. Tunazitumia kwenye upimaji wa vibanja, usanifu wa barabara, tathmini ya majengo, hata kufuatilia nyufa za milima huku kwetu Bugisu, kazi ambayo tangu maporomoko ya Bududa ya Machi 2010 hakuna anayeichukulia kwa wepesi. Shida ni namna tunavyozipokea. Faili linafunguliwa ofisini, kila mtu anatafuta paa lake, analiona, anafurahi, saini inatiwa. Ukiuliza habari ya ubora unajibiwa, "Pikseli ni sentimita 3, ssebo, hii ni ya hali ya juu."

Pikseli ya sentimita 3 inasema kitu kimoja tu, kwamba kila kimraba cha picha kimefunika sentimita 3 za ardhi. Haisemi kama kitu cha sentimita 3 kinaonekana, wala kama kilichoonekana kiko mahali pake. Nimeshika othofoto ya pikseli ya sentimita 20 iliyopigwa na ndege, safi, nikaichorea barabara bila wasiwasi. Nimeshika pia ya sentimita 3 ya droni ambayo mtaro haukutofautiana na kivuli cha ukuta.

Nianze na ukali wa picha. Kamera ikisogea wakati shata (kilango kinachoingiza mwanga) imefunguka, kila nukta ya ardhi inajichora kuwa kamstari. Zidisha mwendo kwa muda wa shata upate urefu wake. Droni inayokwenda mita 15 kwa sekunde, shata ikiwa 1/250 ya sekunde, imesogea sentimita 6 picha ikipigwa. Pikseli yako ya sentimita 3 imeshaburutwa mara mbili. Ukitaka mburuto usizidi nusu pikseli, shata iwe 1/1000. Ndege ya kilomita 250 kwa saa yenye shata ya 1/500 husogea karibu sentimita 14, ndiyo maana kamera kubwa za ndege hutengenezwa na utaratibu wa kufidia mwendo. Droni nyingi tunazotumia hazina kitu hicho. Rubani akiona mvua inakuja anaongeza mwendo, na wingu likitanda kamera iliyoachwa ijipangie inapunguza kasi ya shata. Yote mawili yanatokea dakika ileile.

Utajuaje, na hukuwepo siku ya kuruka? Tafuta mstari mweupe kwenye lami, kivuko cha watembea kwa miguu ndicho kizuri zaidi. Kuza mpaka uone pikseli moja moja, kisha hesabu ni pikseli ngapi zina rangi ya katikati kutoka kwenye weupe hadi kwenye weusi. Moja au mbili, picha ni kali. Nne au tano, kuna jambo. Hapo tafuta mstari mwingine unaoukata ule wa kwanza kwa pembe ya mraba. Mmoja ukiwa mkali na mwenzake umefifia, huo ni mwendo wa droni. Miwili yote ikififia sawasawa, ni lenzi haikulengwa, au picha ilikuwa ya sentimita 8 wakaipanua kwenye programu ili ifikie sentimita 3 za mkataba. Na ukiona uzi mwembamba mweupe unazunguka kila paa, wamejaribu kuinoa picha kwa programu. Kunoa hakurudishi kilichopotea.

Kuhusu vitu kukaa mahali pake nitarudi. Wenzangu mnakaguaje?

---

NalubaaleGIS (Entebbe)

Kaka Kipimo, umefungua mada iliyotakiwa siku nyingi. Naongeza kipimo ambacho hakiachi nafasi ya kubishana: nyota ya Siemens. Ni duara lenye vipande vyeusi na vyeupe vinavyopishana, vipana pembeni na kuishia ncha katikati. Wanaochapisha mabango wanakuchapia kwenye turubai, ila waambie wasitumie turubai la kung'aa, jua likilipiga huoni kitu. Inatandazwa chini kabla ya droni kuruka.

Kwenye othofoto utaona vipande vizuri pembeni, halafu ukikaribia katikati vinayeyuka kuwa kijivu. Pima kipenyo cha hicho kijivu. Tuseme nyota ina jozi 16 za nyeusi na nyeupe, na kijivu kina kipenyo cha sentimita 60. Zidisha 60 kwa 3.14 ugawanye kwa 16, jozi moja inakuwa na upana wa karibu sentimita 11.8, na kipande kimoja karibu sentimita 5.9. Maana yake hata kama pikseli ni ya sentimita 3, picha yako inatofautisha vitu vya sentimita 6. Hapo mnaongea kwa namba.

Mambo mawili watu husahau. Nyota iwe zaidi ya moja, nyingine iwekwe pembezoni mwa eneo, kwa sababu lenzi huwa kali katikati na kulegea pembeni. Na ipimwe kwenye othofoto yenyewe iliyokabidhiwa, kwa kuwa picha ikinyooshwa pikseli zinapangwa upya na ukali kidogo unaliwa. Mchakato ukitumia pikseli ya jirani wa karibu utaona kingo za barabara zimekatika ngazi ngazi. Ukitumia wastani wa pikseli nne kingo zinalainika.

---

Msukuma_Ramani (Mwanza)

Wakuu, mada nzuri. Huku ng'ambo ya ziwa tuna picha za filamu za enzi za ukoloni tunazozigeuza othofoto kulinganisha fukwe za zamani na za sasa. Hizo zinakaguliwaje? Nyota ya Siemens haikuwepo chini.

---

NalubaaleGIS (Entebbe)

Ndugu Msukuma, kwa filamu anza na skana. Picha ya skeli 1:40,000 ikiskaniwa kwa mikroni 15 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) inatoa pikseli ya sentimita 60 ardhini. Ukiskani kwa mikroni 7 utaona chembe za filamu tu, faili linakuwa kubwa na taarifa ni zilezile. Halafu kagua kama alama za kwenye kingo za picha zote zinaonekana, maana filamu hujikunja na kusinyaa kwa miaka, na bila alama zile huwezi kujua imesinyaa kiasi gani. Mikwaruzo na vumbi usivisafishe kwa programu ya kupambia picha. Doa liache lionekane kuwa ni doa.

---

MamaMukono

Samahani wataalamu, mimi si mpima ardhi. Nina kibanja Mukono, na jirani ameleta picha ya droni inayoonyesha mti wangu wa mulamula wa mpakani umeingia kwake zaidi ya mita moja, na ukingo wa paa langu pia. Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, ameitazama akasema picha haiongopi. Je, ni kweli haiongopi?

---

KipimoElgon (Mbale)

Mama, pole sana kwa usumbufu. Swali lako ndilo nililotaka kulifikia, na nitalijibu polepole kwa sababu wengi wana kesi ya namna hii.

Kamera huona chini wima kwenye nukta moja tu, ile iliyo chini yake kabisa. Kila kitu kingine inakiona kwa upande, na kitu kirefu kinaonekana kimelala kuelekea nje. Othofoto ya kawaida hunyooshwa kwa kutumia modeli ya ardhi tupu, yaani vimo vya udongo, isiyo na nyumba wala miti. Kwa hiyo udongo unarudi mahali pake, lakini paa na kilele cha mti vinabaki vimelala. Tuchukue paa lenye kimo cha mita 4, droni ikiwa mita 120 juu, na nyumba iko mita 60 kutoka chini ya kamera. Zidisha 4 kwa 60, gawanya kwa 116: ukingo wa paa umesogea mita 2 na ushee. Ukuta haujatoka ulipo, paa ndilo limelala kwenye picha. Mulamula wenye kimo cha mita 3 nao unalala karibu mita moja na nusu. Umeona "mita moja" ya jirani yako inavyoweza kuzaliwa.

Kuna aina ya pili, hunyooshwa kwa modeli ya uso inayobeba mapaa na miti yote. Hiyo inasimamisha paa mahali pake, lakini inategemea programu imeijenga modeli vizuri kiasi gani. Kwenye majani ya matoke yanayopeperuka, au nyumba zilizobanana za Kisenyi na Bwaise kule Kampala, modeli inatoka na mabonde yasiyokuwepo, na kingo za mapaa zinaonekana zimetafunwa. Na hata ikitoka safi, bado unachokiona ni upenu. Msingi wa nyumba uko ndani yake.

Kwa hiyo, Mama, mwombe jirani aeleze othofoto yake ni ya aina ipi na ripoti ya ukaguzi iko wapi. Kisha mpaka upimwe chini kwa kifaa, kwenye shina la mulamula na kwenye mawe kama yapo. Picha isaidie kuonyesha eneo, mpaka wenyewe usiamuliwe kwayo. Mweleze mwenyekiti hivyo kwa heshima, au mwonyeshe uzi huu.

Kwa wapima wenzangu: kasoro za modeli hazijifichi ukizijua zinapokaa. Nenda kwenye madaraja. Modeli ya ardhi inashuka hadi kwenye maji, basi daraja linajikunja au linavunjika kwenye picha. Daraja jipya la Jinja juu ya Nile, lile la nyaya lililozinduliwa 2018, nguzo na nyaya zake zina kila sababu ya kuonekana zimelala juu ya maji kama mtengenezaji hakulishughulikia. Barabara iliyonyooka ikikunjika kama nyoka, modeli ni mbovu. Kwenye matuta ya Kabale tazama kingo za matuta kwenye mshono wa picha mbili, tuta lisiruke kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kosa la mita 1 la kimo, mahali ambapo kamera inatazama kwa upande wa 1 kwa 2 (mita 1 pembeni kwa kila mita 2 za kwenda chini), linasogeza ardhi nusu mita. Milimani kosa la mita 1 ni la kawaida sana.

---

MamaMukono

Asante sana mwanangu. Nimeelewa kuliko nilivyoelewa mbele ya mwenyekiti. Nitaomba mpaka upimwe kwenye shina.

---

RubaniLira

Nimesoma kwa makini. Kaka Kipimo, mwendo na shata nakubali, hilo ni letu marubani. Lakini wateja nao wabebe sehemu yao. Kila mteja anataka turuke saa sita mchana "ili vivuli visiwepo". Tuko karibu na ikweta. Mwezi wa tatu na wa tisa jua linasimama utosini, na hapo ndipo picha inapoharibika. Sehemu iliyo kwenye mstari mmoja na jua na kamera, pale ambapo kivuli cha droni kingeangukia, inang'aa kupita kiasi, na kwenye kila picha iko ndani ya fremu. Zikiunganishwa unapata mabaka meupe yanayojirudia kwa mpangilio kwenye shamba zima. Juu ya maji ya ziwa na vinamasi jua linajirudi kama kioo. Mabati mapya yanaungua, yanabaki meupe tupu, huoni hata mgongo wa paa.

Mimi nikiachiwa nachagua kati ya saa tatu na saa nne na nusu asubuhi. Jua limeshapita nyuzi 30, vivuli si virefu mno, na lile baka bado liko nje ya fremu kwa kamera nyingi. Dirisha ni dogo, kweli, kwa hiyo kazi kubwa inachukua siku nyingi na mteja alipie siku hizo. Na huku kaskazini, Desemba hadi Februari anga ni kavu bila mvua, ila nyasi zinachomwa na moshi unatanda. Picha inatoka imefifia kana kwamba lenzi ina vumbi. Ruhusa ya UCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na ya watu wa ulinzi imeshatolewa kwa tarehe fulani, sasa nisubiri moshi uishe mpaka lini?

---

KipimoElgon (Mbale)

Kaka Rubani, hapo umesema kweli tupu na ninakuunga mkono. Tarehe na saa ya kuruka ziwe jambo la ubora, zijadiliwe kabla, na gharama ya kusubiri hewa safi iwe ya mradi.

Kwa anayepokea, habari ya mwanga ikaguliwe hivi. Fungua histogramu ya kila rangi, ile chati ya pikseli ngapi zina mwanga kiasi gani kutoka 0 hadi 255, kwenye programu ya ramani ya QGIS au nyingine yoyote. Rundo likibanana kwenye 255, mwanga umeungua. Likibanana kwenye 0, vivuli vimezama. Kivuli chenye namba ndogo lakini zinazotofautiana bado kinafaa, unaweza kukiangaza ukaona mtaro uliomo. Kivuli cha 0 tupu hakina kitu. Kwa sababu hiyo ombeni nakala ya biti 16 kama kamera ilipiga hivyo, msiridhike na ya biti 8 iliyokwisha kupambwa.

Rangi ninaikagulia kwenye barabara za murram. Murram ya barabara moja haibadiliki ghafla kutoka wekundu wa tofali hadi kahawia katikati ya njia. Ikibadilika, umekutana na mshono. Mshono wenyewe si dhambi, dhambi ni kuupitisha katikati ya paa. Unapata nyumba yenye nusu mbili zisizokutana. Mshono unatakiwa upite njiani, kwenye nyasi, kwenye mstari wa kivuli. Na pale JPEG ilipobanwa sana utaona vijumba vya mraba vya pikseli 8 kwa 8 kwenye sehemu laini kama maji na viwanja vya mpira. Chenga za rangi kwenye vivuli ni dalili kwamba kamera ilipandishwa usikivu kwa kukosa mwanga.

---

Mhandisi_wa_Mji (Mbarara)

Ndugu zangu, mwezi uliopita tulipokea othofoto za mji mzima. Ripoti ya kampuni inaandika RMSE, yaani wastani wa makosa ya mahali (mzizi wa wastani wa miraba yake), ya sentimita 2. Mkioanisha na haya mliyoandika, mimi nishuku nini? Sentimita 2 si ndogo?

---

NalubaaleGIS (Entebbe)

Mhandisi, uliza sentimita 2 zimepimwa kwenye alama zipi. Mara nyingi ripoti inayotoka kwenye programu inaonyesha makosa kwenye alama zilezile zilizotumika kuifunga picha kwenye ardhi. Programu imeshavuta picha hadi ifuate alama hizo, lazima kosa liwe dogo. Ukaguzi wa kweli unatumia alama nyingine, zilizopimwa chini na hazikuingizwa kwenye mchakato kabisa. Viwango vya ASPRS, chama cha Marekani cha fotogrametria, toleo la pili la 2023, vinataka alama za ukaguzi zisizopungua 30, zilizotawanyika eneo zima, na zipimwe kwa usahihi ulio angalau mara mbili ya ule unaodaiwa na picha.

Msitazame wastani peke yake. Chukua alama tano zenye makosa ya sentimita 4, 6, 3, 5 na 30. RMSE yake ni sentimita 14, na karibu yote imeletwa na alama moja. Watu huifuta hiyo ya 30 na kuandika sentimita 4.6. Usiifute kabla hujaenda kuitazama, pengine hapo ndipo modeli ya kilima ilipokosewa na mtaa mzima umesogea. Chora pia mishale ya makosa kwenye ramani. Yakielekea kila upande ni makosa ya bahati. Yakielekea upande mmoja yote, kuna mhamo.

Mhamo mkubwa utauona tu: mfumo wa zamani wa nafasi wa Arc 1960 na ule wa GPS wa WGS84 zinapishana karibu mita 300 huku kwetu, nyumba zitakaa ziwani. Mhamo wa nusu pikseli ndio unaojificha. Nafasi ya picha huandikwa kwenye faili la pembeni la TFW au ndani ya picha yenyewe ya GeoTIFF. Faili la TFW linataja katikati ya pikseli ya kwanza, GeoTIFF mara nyingi inataja kona yake. Ukichanganya, picha yote inahama nusu pikseli. Na ninyi wa Mbarara mko kusini mwa ikweta: hakikisha wote mnatumia kanda moja ya gridi ya UTM. Kwenye 36N namba yenu ya kaskazini (northing) ina alama ya kutoa, kwenye 36S imeongezewa 10,000,000. Ukienda Kisoro umeshavuka longitudo ya nyuzi 30 na kuingia kanda ya 35. Vimo navyo vishukiwe, maana kimo cha GPS na kimo cha usawa wa bahari hapa Uganda vinatofautiana zaidi ya mita 10, na nimeona modeli ambayo nusu ya alama zilikuwa za aina moja na nusu za nyingine.

---

Mhandisi_wa_Mji (Mbarara)

Nimeangalia ripoti. Alama ni 9, zote zimeandikwa kuwa za kufungia, ya ukaguzi hakuna hata moja. Na lile jaribio la kivuko nimelifanya sasa hivi karibu na soko: pikseli nne za kijivu upande mmoja, mbili upande wa pili. Malipo yameshatoka kwa sehemu kubwa. Kuna cha kuokoa?

---

KipimoElgon (Mbale)

Kipo, Mhandisi, ila kasoro zigawe mafungu mawili kabla ya kuandika barua yoyote. Paa kulala, mshono kukata nyumba, rangi kubadilika, daraja kujikunja, mhamo wa ramani, JPEG kubanwa: zote hizo zilizaliwa kwenye kompyuta na zinatibika kwenye kompyuta, mradi picha ghafi zipo. Mburuto, kutolengwa, mwanga ulioungua na moshi vilizaliwa angani, na hivyo haviponi mpaka droni irudi.

Kwa hizo pikseli nne na mbili, anza kwa kuona mburuto umeenea kiasi gani. Fanya jaribio hilohilo kwenye mistari mingine ya lami, mji mzima, ukiandika namba kila mahali. Ukikuta ni safari moja ya droni iliyoharibika, mnadai kuruka upya sehemu hiyo tu, na kampuni yenye nia njema haitakataa. Alama za ukaguzi mzipime wenyewe, msiwape wao kazi hiyo. Chagueni pembe za vivuko, mifuniko ya majitaka, pembe za sakafu za saruji zilizo chini. Pembe ya paa wala kichaka msitumie.

---

Mhandisi_wa_Mji (Mbarara)

Picha ghafi hatukupewa, tulipewa othofoto na modeli tu. Mkataba unasema "data zote za mradi". Nawaandikia kesho asubuhi.

---

KipimoElgon (Mbale)

Kwenye barua taja kila kitu kwa jina lake: picha ghafi bila kuguswa, nafasi ya kamera kwa kila picha, vipimo vya kamera, jedwali la alama zote pamoja na picha za kila alama ilivyoonekana chini, na kumbukumbu za RTK (masahihisho ya GPS ya papo hapo) au za stesheni ya CORS (kituo cha kudumu cha GPS) waliyotumia. Ukiandika "data zote" watakuletea diski ileile. Na kwenye picha ghafi, kila faili linabeba kasi ya shata na saa ilipopigwa. Zipange kwa kasi ya shata, zile za polepole zaidi zifungue kwanza, kisha uone kama zinaangukia pale sokoni.